Simu inapata intaneti, kompyuta ya waya haipati

Dada, kama simu yako inapata Wi-Fi vizuri hapo Umoja na kompyuta ya waya ndiyo inayogoma, usihangaike kumpigia mtoa huduma. Laini yake ni nzima. Chungulia tundu la waya nyuma ya kompyuta. Taa haiwaki kabisa? Mimi ningeshuku waya kwanza: kile kiplastiki cha kufungia kikivunjika, kichwa hulegea. Jaribu tundu jingine la ruta (kile kisanduku kinachogawa intaneti), kisha waya mwingine. Nyaya hizo zimejaa madukani Luthuli Avenue, Nairobi. Taa ikiwaka na kompyuta ni ya Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika ipconfig, ubonyeze Enter. Anwani ya IPv4, yaani namba ya kompyuta kwenye mtandao, ikianza na 169.254, basi kompyuta haijapata anwani kutoka kwa ruta. Zima ruta, iwashe tena, halafu uniambie anwani imebadilika au la.