Shangazi Jikoni: Kila mtu aje na chakula chake, mi nibebe nini?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mi nakaa Shela ya Lamu, kazi nafanya Amu mjini, na wenzangu wa kazini tumekubaliana Jumamosi baada ya alasiri tukutane nyumbani kwa mmoja wetu huko Langoni, kila mtu aje na chakula alichokipika kwake. Tutakuwa kama watu 20. Mwaka jana tulifanya hivi hivi nikapeleka samaki wa kupaka, changu wazima wawili, na samaki huyo mi nampika vizuri wallahi, lakini rojo la nazi lilimwagika kwenye boti likaingia mpaka kwenye kikapu cha mama wa watu, halafu kufika wale wenzangu wa kutoka bara wakaogopa miba, nikarudi nyumbani na samaki mmoja hajaguswa. Niliumia sana. Mwaka huu natamani nipike biriani. Mama anasema nipeleke mkate wa sinia, na mimi naona huo ni kitu cha chai tu, wataniona sikujishughulisha. Dada yangu naye ati ninunue sambusa nizipange kwenye sinia letu, nani atajua? Nisaidie. Msomaji, Shela

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hilo la samaki litoe moyoni, manake kosa halikuwa kwenye upishi wako. Samaki wa kupaka huliwa watu wamekaa chini, mikono imeoshwa, na mtu mzima pembeni anawachambulia watoto miba. Sasa mtu kasimama na sahani mkono mmoja na gilasi mkono wa pili, huyo changu atamla vipi?

Biriani nakukataza. Si kwamba hujui, ila biriani ni wali mbali na masala mbali, hizo ni sufuria mbili nzito za kupandisha na kushusha kwenye boti, na ikiwa ni msimu wa kusi bahari imechafuka unajua mwenyewe maji yanavyorushwa hapo kati ya Shela na Amu. Ukisema utembee kwa pwani maji yakijaa njia haipitiki vizuri. Utafika wali umepoa, mafuta yameganda juu ya nyama, na hapo ndo utaumia zaidi ya mwaka jana. Tena kwenye karamu za namna hii kila mtu anafikiria pilau na biriani, unakuta meza nzima ni wali.

Na vya tui jichunge navyo. Mimi niliwahi kupika viazi vya nazi alfajiri, vikatoka vizuri kweli, nikavitia vya moto moto kwenye hotipoti nikafunga nikasema vitakaa mpaka jioni. Kufungua alasiri nikaona vipovu vidogo vidogo pembeni vinapanda, kijiko kikavuta utelezi kama uzi, na ile harufu ya uchachu ikanipiga puani mbele ya wenyeji wangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Mchuzi wa nazi kwa joto letu la pwani ukishapita masaa 2 nje ya friji bila kuwa wa moto kabisa usimlishe mtu, na hotipoti haipiki, inatunza uvuguvugu tu, na uvuguvugu ndo unaochachua.

Kwa hiyo mama yako kasema kweli, peleka mkate wa sinia. Usiudharau kwa sababu umekua nao. Mkavu, haumwagiki, hautaki kijiko, unaliwa umepoa na ndo kwanza mtamu, hauna unga wa ngano wala nyama wala miba, na usipotia ute wa yai basi hata asiyekula mayai anakula. Aliyekwambia kitu cha chai ni kitu kidogo nani? Mchele kuroweka usiku kucha, kusaga, kuumua, kupalia makaa, hiyo ni kazi ya siku mbili.

Ijumaa usiku roweka mchele wa kawaida vikombe 2 kwa kila mkate, na wewe fanya mikate 2, kila mmoja utoe vipande 12. Asubuhi uchuje, na vipimo hivi ni vya mkate mmoja, usage kwenye blenda na tui zito lile la kasimele kikombe 1 na nusu, hamira kijiko 1 cha chai na iliki ya kutwanga mwenyewe, saga mpaka ukiufikicha kwa vidole usisikie chenga hata moja, hapo ndo wengi wanaharibu, wanachoka mapema mkate unatoka na mchanga. Sukari kikombe 1 tia mwisho. Funika uache uumuke mpaka uone juu kumejaa vitundu, kisha mimina kwenye sufuria pana iliyopakwa mafuta na kushika moto, usiukoroge tena. Moto wa chini mdogo. Ukiona kingo zimeshika na katikati hapachezi, palia makaa juu ya mfuniko mpaka upate rangi ya dhahabu.

Usiukate ungali moto, utashikana kwenye kisu. Uache upoe kabisa, funika kwa kitambaa cha pamba, sio nailoni, nailoni inatoa jasho mkate unalowa juu. Na ukifika sema una nazi na sukari, kwenye watu 20 hakosi mwenye kisukari.

Sambusa za kununua hapana mwanangu. Mmeambiana mlivyopika wenyewe, mwenzio akikuuliza umetia kiungo gani utamwambia nini?

SWALI: Shangazi, mi ni kijana naishi peke yangu Malindi, nina jiko moja la gesi na sufuria mbili. Na sisi tumeambiwa hivyo hivyo, kila mtu na chakula cha nyumbani. Sijui kupika cha watu wengi. Msomaji, Maweni

JIBU: Mwanangu, wewe chukua kachumbari, na usione haya. Kwenye wali wote huo nani kakumbuka kachumbari? Kata vitunguu vyembamba sana, vifikiche na chumvi mpaka vilainike, vioshe maji mawili matatu ule ukali utoke, uvikamue. Nyanya, dania na pilipili beba mbali mbali, ukate hapo hapo ukifika. Pilipili weka kwenye kibakuli chake, kuna watoto. Na ndimu kamua wakati watu wanaanza kupakua, ukikamua mapema nyanya zinatoa maji yote.