Gharama imezama ziwa gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhitimu wa biashara, naishi Majengo, Moshi. Nina mwaka na miezi minne natafuta kazi ya benki, na garama ya nauli za usaili Arusha peke yake inanitoa machozi. Kaka yangu anasema nisizihesabu tena, hizo ni "garama zilizozama", nikaungane naye kwenye upagazi mlimani, maana kukaa kwangu nyumbani kuna "garama ya fursa". Rafiki yangu anasema huitwa "garama mbadala". Kiswahili sahihi ni kipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenigusa panaponiwasha.

Tuanze na hizo "zilizozama". Mtu alikuta Waingereza wanasema gharama huzama, akatafsiri kitenzi kilivyo, akaenda kulala. Hakujiuliza Mswahili akisikia kitu kimezama anafikiri nini. Anafikiri kukiopoa! Ndoo ikizama kisimani tunatafuta kamba na ndoana. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao, Graf von Götzen, katika Ziwa Tanganyika ili adui asiitwae. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi, kwa kuwa walikuwa na nia ya kuirudia. Waingereza wakaiwahi, wakaiopoa 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Imepanda na kushuka ziwani humo kwa miongo mingi, ikibeba watu na magunia ya dagaa. Hicho ndicho kilichozama kwa Kiswahili: kimelala chini kinamsubiri mwenyewe.

Sasa nauli yako ya kosta ya Moshi kwenda Arusha nani aliipaka grisi? Nani atapiga mbizi pale stendi akuibulie? Wachumi wanamaanisha fedha au muda ambao haurudi uende benki, uende mlimani au ulale, na kwa hiyo usiuingize kwenye hesabu ya kesho. Neno "zilizozama" linasema kinyume chake. Linamweka mtu ufukweni na kamba mkononi: "Nimeshazamisha mwaka na miezi minne, nikiondoka sasa itakuwa kazi bure." Kosa ambalo istilahi iliundwa kulizuia, tafsiri yake inalilea.

Na tulikuwa na picha yetu tayari. Maji yakimwagika hayazoleki. Picha ni ileile ya maji, ila hapa hakuna wa kuyarudisha ndooni. Najua utanirushia ile nyingine, kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na kweli methali hiyo imewapeleka vijana wengi kwenye usaili wa kumi na moja wakiwa na shati lilelile. Wahenga hawakukaa kikao kimoja. Mimi husema "gharama isiyorudi", na siku nikiamka vizuri, "gharama isiyozoleka".

"Gharama ya fursa" nayo ina ugonjwa wake. Maneno yote mawili tumeyapata Uarabuni, na huko gharama ni faini, kwa hiyo machozi yako yana asili. Lakini mwulize mama yeyote sokoni Mbuyuni gharama ya fursa ni nini. Atakuambia ni fedha unayotoa ili uipate: fomu, picha za pasipoti, nakala za vyeti, na "ya chai" ya dalali anayekuahidi kazi. Wachumi hawasemi hayo. Wanasema kile unachokiacha unapochagua kingine: ujira na bahashishi za msimu wa mlima, Juni hadi Oktoba, zinazokupita ukisubiri simu ya benki. Kaka yako pia asijisahaulishe. Ukiwa mlimani siku sita na mzigo kichwani, simu hiyo ikiita haitapokelewa, na hilo pia ni la kuhesabu.

"Gharama mbadala" sitaki hata kuikaribia. Nishati mbadala ni nishati nyingine badala ya mkaa. Gharama mbadala basi ni muuza mitumba kukutajia 5,000, ukanuna, akataja 4,000.

Hukumu yangu: sema "faida uliyoiacha", kila mtu ataelewa bila mwalimu. Ila "gharama ya fursa" imeshaingia madarasani, na mimi nimechoka kupigana na madarasa. Ukiulizwa kwenye usaili, itaje upate alama zako, kisha ieleze kwa maneno ya watu.

Kuhusu benki au mlima sina mamlaka. Safu hii ni ya lugha. Kaka yako amefikiri vizuri kwa maneno mabaya, jambo ambalo ni afadhali kuliko kinyume chake. Ninachokiona ni kwamba umeandika "garama" mara nne, na neno lina gh. Kama ndivyo ulivyoandika kwenye barua za maombi, hizo zilizokwenda zimekwenda. Zijazo, tia h.