Indiketa ikigoma, anzia kwenye taa yenyewe

Gari la zamani likikaa Malindi, chumvi huanza kula umeme wake kabla ya kitu kingine chochote. Injini ya saluni yangu ya Kijapani ya miaka ya 1990 bado inavuta vizuri na gia hazina shida, lakini indiketa zimenipa kazi msimu baada ya msimu, hasa kusi ikivuma na mvua za masika zikishika. Nimeziandama vya kutosha kujua zinavyogoma. Ninalomwambia kila mwenye gari kuukuu hapa kwetu ni hili: usinunue flasha, kile kifaa kinachofanya indiketa ipepese, wala usifungue usukani, kabla hujaichomoa balbu, ukaitazama holda yake, pale balbu inapokaa, na kuufuata waya wake wa ethi, ule wa kurudisha umeme, mpaka pale ulipofungwa kwenye bodi.

Usiseme ni taa ndogo tu. Ukitoka Kilifi ukafika Gede na kutaka kukata kulia kuingia Watamu, nyuma yako kuna matatu yenye haraka, na bodaboda tayari ametoa kichwa upande wa kulia apite. Kitu pekee kinachomwambia unakata ni ile taa ya rangi ya chungwa. Ikiwa imekufa, yeye anapita na wewe unakata, na mnakutana mlangoni mwako. Hili linanikera sana, kwa sababu magari yenye indiketa mbovu tunayapita kila siku, na dawa yake aghalabu ni kipande cha msasa.

Anza kwa kusikiliza. Indiketa nzima hupiga kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Ukiwasha upande mmoja ikakimbia mbio, tik-tik-tik bila kupumua, na upande wa pili ukapiga taratibu, basi upande ule unaokimbia kuna balbu isiyowaka. Flasha ya elektroniki hupima umeme unaopita. Balbu ya mbele ni wati 21, ya nyuma ni wati 21, na kile kitaa cha ubavuni, kama gari linacho, ni wati 5. Kwa volti 12, jumla inakaribia ampea 4. Balbu moja kubwa ikitoka, umeme unapungua karibu nusu, na flasha inaongeza kasi makusudi ili dereva ajue. Zile flasha za kale zaidi, zenye bamba la chuma linalopata moto na kupinda, zenyewe hufanya kinyume: hupiga polepole au huwaka tu bila kupepesa. Kwa vyovyote, flasha inakwambia kuna balbu haipati umeme. Fundi anayeisikia ikikimbia kisha akakwambia ununue nyingine amemlaumu mjumbe.

Jirani yangu wa Maweni ana pikapu ya kubebea samaki, na indiketa yake ya kulia ilikuwa inakimbia hivyo hivyo. Alishabadilishiwa flasha. Nilipomwomba tufungue taa ya nyuma akanishangaa: "Ami, balbu nzima hiyo, iliwaka jana." Kweli, balbu ilikuwa nzima. Lakini holda ilikuwa imeota ukungu wa kijani, na skrubu ya ethi ilikuwa imeliwa na kutu hata kichwa chake hakishiki bisibisi. Kioo cha taa kilikuwa na ufa, mpira wa pembeni umekauka, na maji ya samaki na ya mvua yalikuwa yanatuama ndani. Tulichukua waya mrefu, ncha moja tukaigusisha kwenye ethi ya taa na nyingine kwenye hasi ya betri, na indiketa ikapiga vizuri papo hapo. Ikishakuwa hivyo, huna haja ya kutafuta zaidi. Tulipiga msasa chuma cha bodi hadi kikang'aa, tukafunga skrubu mpya yenye washa, tukapaka grisi juu, kisha tukaziba ule ufa.

Ethi mbovu ina dalili nyingine ambayo huwatisha watu bure. Unakanyaga breki na taa ya indiketa inawaka hafifu, au unawasha taa za usiku na indiketa inafifia. Watu husema waya zimechanganyika. La, umeme umekosa njia ya kurudi kwenye bodi, kwa hivyo unapita ndani ya balbu nyingine kutafuta njia. Rekebisha ethi na vituko vyote hivyo vitaisha pamoja.

Ukitaka kujua tatizo liko upande gani bila kufungua kitu, bonyeza hazadi. Taa zote zikipiga vizuri lakini mkono wa indiketa haufanyi kitu, basi balbu, ethi na waya za nyuma ni nzima, na katika magari mengi hata flasha ni nzima, kwa kuwa ni hiyo hiyo moja. Tazama fyuzi ya indiketa, maana mara nyingi hazadi ina fyuzi yake mbali, halafu swichi ya hazadi yenyewe, halafu ule mkono wa usukani. Upande mmoja ukifa kwa hazadi na kwa mkono pia, rudi kwenye taa za upande huo. Kote kukiwa kimya, hapo sasa flasha na fyuzi ndizo za kushukiwa.

Testa ya kitaa ni ya bei ndogo na inafaa kuwa nayo. Bana waya wake kwenye chuma kisafi cha bodi, washa indiketa, chomoa balbu, gusa kile kipini cha katikati ya holda. Testa ikipepesa, umeme umefika, kwa hivyo lawama ni ya balbu au ethi. Isipopepesa, umeme umekatika njiani, nawe fuata waya kurudi nyuma, ukianzia pale unapopita kwenye tundu la bati au pale unapopindika kila buti linapofunguliwa.

Fyuzi ikiungua, weka yenye ampea zile zile. Ikiungua tena kuna shoti, itafute. Kuweka kubwa zaidi, au kuizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ni kuziambia waya ziungue badala yake.

Kuhusu balbu, angalia vipini vya ubavuni kabla ya kusukuma. Ile yenye nyuzi mbili zinazowaka ndani, ya wati 21 na 5, vipini vyake haviko kimo kimoja, na haiingii mahali pa ile ya uzi mmoja ila kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayovunja holda. Balbu za LED zinapendwa sasa, lakini zinakula umeme mdogo, kwa hivyo flasha ya zamani itadhani balbu imeungua na kuanza kukimbia. Wengine hufunga rezista, kipande cha kula umeme, ili kuidanganya, nayo hupata moto sana, isiguse plastiki. Mimi kwa gari kuukuu nabaki na balbu za uzi.

Mkono wa indiketa ukiwa ndio mbovu, utajua kwa kuutikisa: taa inakuja na kupotea. Kama usukani una mfuko wa hewa, hiyo si kazi ya kufanya barazani. Mpelekee fundi wa umeme, na mwone akichomoa betri kwanza.

Mpaka gari litengenezwe, tumia mkono wako. Kulia, unyooshe nje ya dirisha. Kushoto, uzungushe taratibu kinyume cha saa. Usiku haufai, kwa hivyo usiliendeshe.

Na ukishamaliza kazi, ngoja jua litue. Mwombe mtu asimame nyuma ya gari, washa taa za usiku, kanyaga breki, na uwashe indiketa, vyote kwa pamoja. Ethi dhaifu hujificha taa moja ikiwaka peke yake, na hujitokeza zikiwaka zote.