Kabla hujailaumu mashine, kagua meza

Siku mbili nzima niligombana na kifaa kisicho na kosa. Nilikuwa nimepata Razer Hydra ya mtumba, vile vishikio viwili vya michezo ya kompyuta vilivyotoka mwaka 2011, vyenye waya na kitako chenye tufe linalowaka kijani. Nikakiweka kitako juu ya meza yangu ya kazi hapa Uyole. Nikisogeza mkono kulia kwa mstari ulionyooka, mkono wa kwenye skrini unapinda kama barabara ya Kitonga.

"Mjomba, huo mkono umeteguka," mpwa wangu akasema.

Nikabadilisha waya, nikafuta programu na kuiweka upya, nikamsema vibaya aliyeniuzia. Siku ya tatu nikakihamishia kitako kwenye kigoda ili nifute vumbi mezani. Mkono ukanyooka! Meza ile ni skwea paipu tupu, na juu kuna bati nene.

Ndani ya kitako mna koili tatu, yaani nyaya zilizoviringwa, kila moja imeelekea upande wake, na kila moja kwa zamu hutoa uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku iliyosambaa kuizunguka. Kishikio nacho kina koili zake ndogo za kuupokea. Kompyuta inalinganisha nguvu zilizopokelewa, inajua kishikio kiko wapi na kimeelekea wapi. Kamera haihitajiki, na hata ukificha mkono nyuma ya mgongo unaonekana. Ndiyo maana madaktari wanaitumia teknolojia hii: mwili wa binadamu hauuzuii uga huo, na kihisi chenye unene usiofika milimita 1 kinaweza kupita kwenye ncha ya mpira mwembamba hadi ndani ya moyo au mapafu, daktari akiifuata ncha kwenye skrini.

Adui ni chuma. Na si chuma cha kushikwa na sumaku peke yake, hapo ndipo wengi tunapokosea. Chukua sufuria ya alumini, sumaku haiishiki kabisa, lakini niliposogeza ya uji karibu na kitako, picha iliruka. Uga unaobadilikabadilika huzalisha mikondo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo inatoa uga wake unaouvuruga ule wa kwanza. Ipo mitambo inayowasha uga kwa mapigo na kusubiri mikondo ife ndipo ipime. Hiyo inasaidia kwa alumini. Kwa chuma cha kawaida, bado.

Kwa hiyo kama unatengeneza mradi unaotumia teknolojia hii, tuseme mdoli wa kufundishia wanafunzi kushika kipimo cha utrasaundi, anza na chumba. Washa dira ya simu na uipitishe polepole juu ya meza, ukutani, karibu na nondo za dirisha. Mshale ukicheza, pana chuma. (Alumini haitaionyesha, hiyo itafute kwa macho.) Kisha chukua ubao, uchore alama kila sentimita 5, telezesha kihisi alama kwa alama na uandike mashine inachosema. Mahali namba zinapoanza kudanganya ndipo mpaka wako. Mimi hujaribu kuweka chuma mbali angalau mara mbili ya umbali wa kitako na kihisi.

Usitanue eneo la kazi kwa tamaa. Umbali ukiwa mara mbili, uga unaobaki ni sehemu moja ya nane, ukiwa mara tatu ni moja ya ishirini na saba. Nusu mita iliyo safi ni bora kuliko mita mbili za kubahatisha.

Na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani asisogee hapo kabla hajamuuliza daktari wake.

Sasa natumia meza ya mninga iliyounganishwa kwa gundi na vigingi. Ile ya chuma iko uani, dada anapangia ndoo zake za viazi.