Jua la Oktoba, mkorogo wa harusi na huu uso mnaousifia

Jumapili nimeweka picha ya ufukweni Msimbati, huku Mtwara, ile nimekaa mchangani na kofia yangu ya ukili, sijapaka poda wala nini, hata saa moja haijapita meseji ikaingia: "Dada mambo, samahani kwa usumbufu, naomba kujua unatumia krimu gani maana mimi niko Tandahimba msimu huu wa korosho, nashinda juani toka asubuhi na uso unaniishia." Nikacheka, nikaona raha (nisidanganye, niliona raha sana), halafu nikakumbuka mwaka juzi mwezi kama huu mimi ndo nilikuwa naulizia watu krimu, na jibu nililopewa ndo lililoniponza. Kwa hiyo mdogo wangu wa Tandahimba nakujibu hapahapa ili na wengine wasome, jibu ni refu unisamehe.

Msimu ule nilipata kazi ya ukarani wa mizani kwenye chama cha msingi kimoja cha wakulima wa korosho upande wa Nanyamba. Saa kumi na moja alfajiri niko macho, boda ananichukua, saa mbili magunia yameshapanga foleni. Jioni nikirudi mjini nakaanga korosho zangu, nafunga kwenye paketi, asubuhi mzigo unapanda basi kwenda Dar. Najua wengi mnaonisoma mko hivyohivyo, mguu mmoja kwenye ajira mwingine kwenye biashara, mnatafuta kiwanja, mnatafuta bati, nani ana muda wa kukaa mbele ya kioo? Mimi nilikuwa nanawa uso na sabuni ileile ya kufulia, napaka mafuta ya mgando, natoka.

Mizani yetu ilikaa nje ya ghala na pale uwanjani kuna mwembe mmoja tu. Asubuhi kivuli kinatufika vizuri, mnapiga stori, ikifika saa nne kivuli kinahama, mizani haihami. Na jua la Oktoba huku kwetu lisikieni hivihivi. Mtwara tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linatupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza Februari karibu na mwisho, mara ya pili Oktoba kwenye tarehe 20 hivi. Februari angalau kuna mvua na mawingu, Oktoba ni kukavu na ndo korosho zinadondoka. Saa sita mchana ukisimama pale uwanjani kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Nikawa mweusi juu, mweupe chini ya mkanda wa saa, pua inang'aa kama imepakwa samli.

Mimi weusi haukunisumbua jamani, nimezaliwa nao. Kilichonisumbua ni kwamba Desemba binamu yangu anaolewa Newala na mimi ndo mpambe wake. Sare imeshashonwa, mpiga picha kashalipwa, halafu mimi uso una rangi tatu. Mama mmoja sokoni akaniangalia akasema mwanangu hiyo ndogo, akanipa kopo la mtindi, ndani kuna mkorogo, kitu cheupe chenye harufu ya marashi kwa juu na dawa ya choo kwa chini. Elfu nane. Halina jina, halina karatasi, halina chochote. Nikapaka asubuhi na usiku.

Wiki mbili za kwanza ningeweza kumjengea yule mama sanamu. Uso ulitakata, wakulima kwenye foleni wananiuliza karani umepata mchumba nini, nikajiona nimeula. Wiki ya tatu nikianza tu kusimama juani mashavu yanawaka kama nimepaka pilipili, nikasema dawa inafanya kazi. (Hii akili ya kusema kinachounguza ndo kinachofanya kazi sijui tuliitoa wapi.) Nikaongeza. Siku moja saa saba mchana, gunia liko juu ya mizani, nimejifuta jasho na ncha ya kanga, naiangalia ile kanga naona kitu kama ganda la kitunguu, jembamba, linapitisha mwanga. Ngozi yangu ya shavu. Mkulima mwenye gunia ananiambia karani andika basi, mimi nimeshika kanga nimeganda.

Pale ngozi ilipotoka pakavimba, pakapasuka, pakapona na kuacha madoa meusi tii pande zote mbili, kama mtu kaniwekea viganja vya masizi. Na harusi bado siku tisa.

Newala nilienda, ningefanyaje. Nimepaka fandesheni nene kama naziba ukuta, na jasho la ukumbini likaishusha yote mpaka shingoni. Tuko kwenye meza ya ndugu, watu wametulia wanakula pilau, shangazi yangu mmoja akanitazama akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "We mwanangu, hizo korosho ulikuwa unabangua kwa uso?" Meza nzima ilicheka. Hata bibi harusi alicheka. Mpiga picha naye akanihamisha toka pembeni ya binamu akaniweka nyuma ya mjomba wangu ambaye ni mtu mnene sana, kwenye albamu yote mimi ni jicho moja na kipande cha kilemba. Shikamoo shangazi kama unasoma hapa, nilikusamehe siku ileile ila sijasahau.

Miezi iliyofuata nairuka, ni kukaa ndani na kujifunika. Daktari aliniangalia kwa taa akaniuliza swali moja tu, "kopo lilikuwa na jina?" nikajua kashaelewa. Akaniambia haya makopo yanayochanganywa mitaani mara nyingi yanakuwa na hidrokinoni, zebaki, au zile dawa kali za ngozi za steroidi ambazo mtu anapaswa kuandikiwa na daktari kwa siku chache na kwa ugonjwa maalumu. Steroidi inafanya ngozi kuwa nyembamba, hidrokinoni inaizuia isitengeneze ile rangi yake ambayo ndo mwavuli wetu, na zebaki inaingia mwilini mpaka kwenye figo. Sasa mimi nilikuwa nauvua mwavuli usiku halafu asubuhi naenda kusimama chini ya jua la utosi masaa nane mfululizo. Alivyolisema hivyo nilijiona mjinga mpaka nikaona aibu kulia.

Matibabu yalikuwa ya kawaida kuliko nilivyotarajia, acha kila kitu, sabuni laini isiyo na harufu, dawa aliyoniandikia, mafuta ya kawaida, na losheni ya jua kila siku hata kama sitoki. Miezi tisa. Madoa kwenye ngozi nyeusi hayana haraka, na kila ukilirudia jua bila kinga yanajikumbusha yanakolea upya.

Haya sasa mdogo wangu, unachotaka ni jina la krimu, na mimi sikupi jina. Tafuta losheni ya jua, sanskrini, yenye SPF (ile namba ya kipimo cha kinga) 30 kwenda juu na imeandikwa inakinga UVA na UVB, aina mbili za mionzi ya jua inayoharibu ngozi, yoyote unayoimudu. SPF 30 ikipakwa vizuri inazuia kama asilimia 97 ya mionzi ya UVB, ya 50 inazuia kama asilimia 98, kwa hiyo usijikamue kununua ya bei mbaya kwa ajili ya hiyo namba, hela iliyobaki nunua kofia. Tatizo letu kubwa ni kupaka kidogo. Unapaka kama unapaka manukato! Kamua mistari miwili, kidole cha shahada na cha kati toka mwanzo mpaka ncha, hiyo ndo ya uso na shingo, na masikio usiyaache. Paka kama robo saa kabla hujatoka. Mwanzoni utakuwa mweupe kama umejipaka unga wa muhogo, hasa zile zenye zinki, usiogope, paka kidogo kidogo unasugua taratibu inaingia.

Na inaisha. Hapa ndo kila mtu anafeli, hata mimi nilifeli. Ukipaka saa moja asubuhi, saa nne jasho limeshaondoka nayo na wewe unajiona una kinga. Kila masaa mawili rudia, ukiogelea rudia, ukijifuta na kanga rudia. Mimi msimu huu nimefunga tyubu kwa uzi kwenye mguu wa meza ya mizani, simu inalia saa nne, saa sita, saa nane, wakulima wameshazoea, ikilia wananiambia wenyewe "karani, dawa". Usiiache kwenye buti la gari wala chini ya siti ya pikipiki, joto linaiharibu.

Losheni bila kofia ni kazi bure, na kepu siyo kofia. Kepu inafunika paji la uso tu, masikio na shingo inaviacha vijitetee. Mimi navaa ya ukili yenye ukingo mpana, nimeinunua 5,000 Mikindani, ukiilowesha kidogo inakupoza kichwa na upepo ukiwa mkali unaifunga na mtandio. Mikono mirefu, kitambaa chepesi. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni kama kazi inaweza kusogezwa kivulini isogezeni, mwaka huu nilidai turubai mpaka nikaitwa msumbufu, nikapewa turubai.

Bodaboda inadanganya. Upepo unakupuliza unaona baridi kumbe unachomeka palepale, mawingu nayo hivyohivyo, mionzi inapita. Na Msimbati ule mchanga mweupe unakurudishia jua toka chini, kwa hiyo unaungua chini ya kidevu na kwenye pua hata ukiwa na kofia, ndo maana juzi nilijipaka mpaka chini ya kidevu wenzangu wakanicheka. Jioni wao ndo waliokuwa wanaomba maji ya baridi. Nilibeba dumu la lita 5 la maji ya bomba, nikitoka baharini najisuuza chumvi, napaka mafuta ngozi ikiwa bado ina unyevu, narudia losheni. Hiyo tu. Kofia, losheni, kurudia.

Kwa nyie wa mashambani kuna mengine yasiyohusiana na jua. Yale mafuta ya kwenye ganda la korosho yanaunguza kweli, ukishika korosho iliyopasuka halafu ukajifuta mdomo utaamka na malengelenge, wabanguaji wa mkono wanajipaka jivu au mafuta vidoleni na wao wanajua wanachofanya. Wakati wa kupuliza salfa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, ile vumbi ikichanganyika na jasho inawasha macho na shingo, funga kitambaa, oga mara moja ukitoka, usisubiri usiku. Upupu ukikupata usikune na usijipanguse na mkono. Mengine mnayajua kuliko mimi.

Najua kuna kaka amefika hapa anasema haya mambo ya kike. Kaka angu, wavuvi pale feri wana midomo imepasuka inatoa damu na hawalali kwa kuwashwa, hiyo nayo ni ya kike? Kuna losheni inatengenezwa Moshi, hospitali ya KCMC, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kwao hii habari ni saratani ya ngozi, hakuna urembo hapo. Kwenye mizani yangu mwenye ualbino hasimami foleni juani, anakaa chini ya turubai gunia lake linapimwa akiwa amekaa, na ukilalamika utapimiwa wa mwisho. Mtu aliyezaliwa bila huo mwavuli anautafuta kwa shida, sisi tuliopewa bure tunalipa elfu nane tuvuliwe. Hapa ndo huwa nakasirika jamani nivumilieni.

Hidrokinoni na zebaki kwenye vipodozi vimepigwa marufuku nchini siku nyingi, na toka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, lakini kopo la mtindi halipiti TBS. Linapita kwa shoga yako. Linapita kwa mama mwenye maneno matamu anayekuita mwanangu. Ukiona kitu cha kupaka hakina orodha ya kilichomo, hakina tarehe, na kinakutakatisha ndani ya wiki moja, kikimbie, hata kama harusi ni kesho. Na kama umeshaanza kutumia na unaona uso unawaka, nenda hospitali umwambie daktari ukweli, usiseme "nilipaka tu losheni" kama nilivyojaribu mimi.

Nimesahau kusema, shangazi alinipigia wiki iliyopita. Anaanza kuzunguka na mazao mnadani mwaka huu, akazungukazunguka kwenye salamu mpaka akafika, "hivi mwanangu ile dawa yako ya jua inapatikanaje, nasikia ni elfu ishirini na tano, mimi sina hela hiyo." Nilinyamaza kidogo ili aone nimenyamaza. Nimemtumia kwa basi la Newala tyubu iliyobaki robo na kofia mpya. Tyubu nzima ninayo kabatini.