Umeme Ukirudi, Usikimbilie Swichi

Wadogo zangu wa Jinja, Kampala, Arua na kwingineko, mvua zimeanza na mmeanza tena kuniletea pampu za matangi yenu ya samaki zilizoungua, zimefungwa ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki. Nikifungua kila moja naikuta imeungua palepale ilipoungulia ya mwenzenu msimu uliopita. Nawapenda, ndiyo maana nimechoka kunyamaza.

Bwawa la Nalubaale liko hapahapa Jinja tangu 1954. Bujagali na Isimba zinafuata chini mtoni, na Karuma imeongezwa huko kaskazini. Umeme wa kuzalisha upo. Taabu iko njiani: nguzo iliyooza, tawi lililolalia waya, transfoma iliyobebeshwa nyumba nyingi kuliko uwezo wake. Hayo hamtayatengeneza nyinyi. Kazi yenu inaanzia kwenye soketi na kuishia kwenye maji.

1. Ogopeni kurudi kwa umeme kuliko kukatika kwake. Ukikatika, pampu inasimama tu. Ukirudi, friji za mtaa mzima zinawaka kwa pamoja, volti zinapanda na kushuka kabla ya kutulia karibu na 240, na vifaa vyenu vidogo ndivyo vinavyoumia. Nunueni friji gadi, hiyohiyo ya dukani, inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite, na inayokata volti zikizidi au zikipungua mno. Nimeingia nyumba ambamo friji yenye soda mbili ina gadi yake, na tangi lenye roho arobaini limechomekwa kwenye ekstensheni ya sokoni! Volti za jioni nazo, watu wanapopika na kupiga pasi, huwa chini kiasi kwamba pampu inanguruma bila kuzungusha panga lake, inapata joto mpaka koili inakwisha. Ukisikia ngurumo na huoni maji yakitoka, chomoa.

2. Kichujio cha mkebe, kile kilichofungwa nje ya tangi ambacho maji hupita ndani yake, kikilala bila umeme, usikiwashe kabla hujakifungua. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mnapopoteza samaki wengi kuliko mahali pengine popote.

Kuna kijana wa Walukuba, hapa Jinja, mwenye mkono wa samaki kuliko wengi wetu. Alikuwa na nkejje, samaki wadogo wa ziwani, wale ambao jike hubeba mayai mdomoni wiki kadhaa bila kula sawasawa. Alikuwa amefikisha kizazi cha pili, na vifaranga wameanza kupata rangi. Usiku mmoja upepo ukaangusha waya wa mtaa wake, giza likakaa hadi asubuhi. Alifanya mengi ambayo ningefanya mimi. Alichomoa hita. Hakuwalisha. Alikaa na kikombe, anachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, anapumzika, anarudia. Hakulala. Kulipokucha samaki wote walikuwa wazima. Umeme ukarudi, naye kwa furaha akawasha kila kitu kwa mpigo, akawapa chakula cha kuwapa pole, akaenda kazini.

Alinijia jioni na ndoo. Aliweka ndoo chini, hakukaa. "Kaka, usiku kucha hawakufa. Wamekufa nilipowasha." Kisha akanisimulia usiku ule toka mwanzo, hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta ni saa ngapi hasa alikosea, na kila alipofika asubuhi alirudi nyuma. Alitaka nimwambie kwamba kosa lilikuwa ni la usiku. Sikuweza kumwambia hivyo.

Ndani ya ule mkebe wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu ya uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati. Nao wanapumua. Maji yakisimama, mkebe umefungwa, wanamaliza oksijeni iliyomo kwa saa chache. Wakianza kufa, uchafu walioushikilia unaoza pasipo hewa. Ukifungua unanuka yai bovu. Ukiwasha pampu, maji hayo yote yanaingia tangini kwa dakika moja, juu ya samaki ambao wamekesha na hewa kidogo. Ukiongeza chakula, unaongeza amonia kwenye tangi ambalo halina tena wa kuiondoa. Maji ya nyuzi 25 yakiwa usawa wa bahari hubeba kama miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Sisi tuko juu zaidi ya mita 1,100, tunaanza na kama 7. Nafasi ya kukosea ni ndogo.

Kwa hiyo: umeme ukikaa nje kwa saa kadhaa, fungua mkebe, mwaga maji yake chooni, suuza sponji na mawe kwa maji ya tangi (ya bomba yana klorini, itaua bakteria waliobaki), ndipo uwashe. Badilisha sehemu ya maji ya tangi. Usilishe siku hiyo, wala kesho yake kama hujapima amonia. Samaki mwenye afya hafi kwa kufunga siku mbili. Na kando ya mkebe weka kichujio cha sponji cha kuendeshwa na hewa. Ni cha bei ndogo, kiko wazi majini, na pampu yake inakula wati chache tu.

Yule kijana ameanza upya. Anafungua mkebe hata umeme ukikatika kwa muda wa chakula cha mchana, na simkatazi.

3. Betri ni ya hewa, si ya joto. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ile ya madini ya risasi, kama ya gari, usiitumie zaidi ya nusu. Hita ya wati 200 itamaliza hiyo nusu kwa muda usiofika saa tatu. Pampu ya hewa ya wati 5, hata ukihesabu kinacholiwa na inveta yenyewe, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, itavuka usiku na kuendelea mchana. Jinja na Kampala maji hayapoi haraka. Mtu wa Kabale, kule milimani kwenye baridi, afunike tangi kwa blanketi. Inveta iwe ya wimbi safi (dukani huandikwa "pure sine wave"), maana zile za bei ya chini huzichemsha pampu. Asiye na uwezo huo anunue pampu ya hewa ya USB na pawabenki.

4. Pampu ya hewa ikae juu ya usawa wa maji, au mrija uwe na vali ya kuzuia maji yasirudi. Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni.

5. Acheni kuchomeka kalamu kwenye tundu la arthi ili plagi ya miguu miwili iingie! Maji, chuma na mkono wako viko pamoja hapo. Fundi apime arthi ya nyumba, kisha afunge swichi inayokata umeme unapovuja kwa miliampia 30. Hata ikiwepo, chomoa kila kitu kabla ya kuingiza mkono. Hita nayo ipoe kwanza, kwani ikiwa ya moto na nje ya maji, kioo hupasuka. Radi zikianza, na pembezoni mwa Ziwa Victoria ni nyingi mno, chomoa mkebe na hita, hewa ihamie kwenye betri.

6. Kabla ya kusafiri, ongeza yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla. Mwachie jirani ufunguo na karatasi: namba ya mita, jinsi ya kuwasha pampu ya betri, na kwa herufi kubwa, ASILISHE.