Nilinusurika Ajalini, Lakini Breki Ikilia Natetemeka

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Eastleigh. Wiki saba zilizopita matatu tuliyopanda ilipinduka Thika Road. Nilitoka na mchubuko wa bega tu, lakini mama mmoja mtu mzima niliyempisha kiti cha dirishani alifariki. Tangu siku hiyo sipandi gari, na kazini siendi. Breki ikilia nje natokwa jasho. Nikisujudu naona kioo kinavunjika. Mume wangu anasema imani yangu ni dhaifu, mama mkwe anasema nina jini. Tena gari lilipokuwa linabingirika nilisema, "Ya Allah, ukinitoa hapa nitafunga mwezi mzima." Je, nina deni?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole sana dada yangu, na Allah amrehemu mama yule.

Naanza na mumeo, na ningependa asome haya mwenyewe. Mtume (s.a.w.) aliposhukiwa na wahyi mara ya kwanza pango la Hira, alirudi nyumbani moyo ukimdunda, akisema, "Nifunikeni, nifunikeni." Bi Khadija hakumuuliza imani yake imekwenda wapi. Alimfunika mpaka hofu ikamtoka. Akamkumbusha mema yake: unaunga udugu, unawabeba wasiojiweza, unakirimu wageni. Kisha akafuatana naye hadi kwa Waraqa bin Naufal, mtu mwenye elimu. Angalia alivyopanga mambo: blanketi kwanza, maneno baadaye, halafu mjuzi. Sisi waume wengi tunaanza na mawaidha, na blanketi hatulikumbuki kabisa.

Kutetemeka kwako si upungufu wa imani. Nabii Musa (a.s.) alihisi hofu nafsini mwake mbele ya wachawi wa Firauni, na Qur'ani imeitaja wazi katika Sura Taha bila kumlaumu.

Sasa kile kiti. Nadhani hapa ndipo panapokuuma zaidi, ingawa umepagusa kwa sentensi moja tu. Ulimpisha mtu mzima akae vizuri. Huo ni wema, nao umeandikwa wema. Hukumpa mauti, kwa sababu hukuwa nayo mkononi. Mtume (s.a.w.) ametukataza kusema "lau ningefanya kadha ingekuwa kadha", kwani "lau" hufungua kazi ya shetani. Fikra ikikujia usiku sema: Qaddarallahu wa maa shaa'a fa'al, Allah amekadiria, na alitakalo hulifanya. Hata ukiisema mara ishirini kabla hujalala, sawa. Na aliyeangukiwa na jengo ametajwa katika hadithi kuwa shahidi. Wapo wanazuoni waliomlinganisha naye mwenye kufa ajalini. Muombee, na ukiweza mtolee sadaka.

Swala yako ni sahihi. Picha inayokuvamia bila kuialika haibatilishi kitu. Ikikuzidi, refusha tasbihi na usikie kitambaa cha mswala chini ya paji la uso wako.

Kuhusu jini, jisomee Fatiha, Ayatul Kursi na sura tatu za mwisho, hiyo ni ruqya na inatosha. Atakayekuuliza jina la mama yako na kutaja bei, mkimbie.

Lakini nenda hospitali pia. Kiwewe kinachopita mwezi mmoja wataalamu wa afya ya akili wanakijua na wanakitibu, na wewe uko wiki ya saba. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Najua watu wetu wakisikia Mathari, hospitali ya afya ya akili, wanafikiria wendawazimu tu. Waache waseme. Mumeo akupeleke, kama Khadija alivyokwenda kwa Waraqa.

Gari nalo ulirudie polepole. Siku ya kwanza nendeni steji, msimame, mrudi. Siku nyingine pandeni kutoka Pangani hadi Ngara, mshuke. Funga mkanda, tangu sheria za barabarani za waziri Michuki za mwaka 2004 tunatakiwa kuufunga, na bado tunaukalia. Dua ya safari ina maneno "na hakika sisi kwa Mola wetu tutarejea". Kama maneno hayo yanakutisha kwa sasa, sema Bismillahi, uyarudie ukiwa tayari.

Ama nadhiri: kama ulitamka kwa ulimi, hata kwa kunong'ona, ukijua unachosema, basi imekulazimu, maana aliyenadhiri kumtii Allah na amtii. Kama ilipita moyoni tu, kwa madhehebu yetu ya Shafi haikufungi. Hukusema mfululizo, kwa hiyo unaweza kuzitawanya siku thelathini hizo: Jumatatu na Alhamisi, au siku za baridi za Julai ambapo kiu haisumbui. Usianze wiki hii ukiwa hulali wala huli vizuri. Deni halina tarehe, pona kwanza.

Wallahu a'lam.